Mjuzi Aitwapo Mahakamani

Jioni hii nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya shahidi wa namna ya peke yake, ambaye hakuuona ugomvi ulipozuka, wala hakuwapo mkataba ulipotiwa saini, wala pengine hamjui mdai wala mdaiwa, na juu ya hayo yote huitwa mahakamani, huapishwa kama wengine, na neno lake mara nyingi huwa zito kuliko la yule aliyeona kwa macho yake mwenyewe. Huyu ndiye shahidi mjuzi: daktari aliyepima jeraha, mkemia aliyechunguza damu, mhandisi aliyekagua ukuta ulioanguka, au bingwa wa miandiko aliyelinganisha saini mbili zilizomo katika hati za shamba linalogombewa. Shahidi wa kawaida akianza kusema, “Mimi naona huyu ndiye mwivi,” wakili wa upande wa pili husimama papo hapo, na hakimu humwambia aseme aliyoyaona na aliyoyasikia, hukumu aiachie mahakama. Kwa kawaida mjuzi peke yake ndiye aliyepewa ruhusa ya kutoa rai.

Ruhusa hiyo ni amana, na maneno yangu ya leo yote yanazunguka jambo moja: kwamba mjuzi aliyesimama kizimbani si mtu wa yule aliyemwita, wala wa yule aliyemlipa ujira na nauli, bali ni wa mahakama, na kwamba kitu azizi kabisa anachoweza kuiletea mahakama si rai yake ya mwisho, hata iwe sahihi namna gani, bali ni njia aliyoipita mpaka akaifikia, pamoja na mahali ambapo ilimu yake inakoma. Hakimu aliyepewa rai tupu hana budi kuikubali au kuikataa kwa kutazama uso wa msemaji na wingi wa vyeti vyake. Walakin hakimu aliyeonyeshwa njia aweza kuifuata hatua kwa hatua, akajionea mwenyewe kama imenyooka.

Haja ya kuwauliza wajuzi ni ya zamani, na kwetu pwani si jambo la kuletwa na Waingereza. Mafakihi wa Kiislamu waliwaita watu hawa ahlul-khibra, na kadhi akiletewa daawa ya mnyama aliyeuzwa ambaye mnunuzi anadai kuwa alikuwa na kasoro tangu kwa mwenyewe wa kwanza, au daawa ya mali iliyoharibiwa ambayo thamani yake inabishaniwa, huwarudia wenye kuijua kazi hiyo. Kwani kadhi ni alimu wa sheria, na haimlazimu awe mjuzi wa maradhi ya ngamia au wa bei ya mbao.

Kwa upande wa sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyotuachia taratibu nyingi za mahakama zetu, wanasheria hupenda kuanza na bandari ndogo iitwayo Wells, katika jimbo la Norfolk, mashariki ya Uingereza. Katika karne ya 18 bandari hiyo ilikuwa ikijaa mchanga na matope, vyombo vikapata taabu kuingia, na wenye bandari wakasema sababu ni tuta kubwa la udongo lililojengwa ili kuzuia maji ya bahari yasifike kwenye ardhi ya watu. Upande wa wenye tuta ukamleta John Smeaton, yule mhandisi aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone, naye akaeleza kwamba kwa rai yake tuta halikuwa sababu, kwa kuwa ziko bandari nyingine katika pwani ile ile zisizo na tuta lolote, nazo zinajaa vivyo hivyo. Ukazuka ubishi: je, haya si mawazo ya mtu tu, ilhali mahakama inataka mambo yaliyotokea? Mwaka 1782 Jaji Mkuu Mansfield akaamua kwamba ushahidi wa Smeaton upokewe, maana jambo lenyewe ni la ilimu, na wa kuuliza katika ilimu ni mwenye ilimu. Msikilizaji wangu wa Lamu au wa Kilwa, anayejua jinsi mchanga unavyohama kwa misimu ya kusi na kaskazi, ataona upesi kwa nini mtu aliyezaliwa na kukulia mjini mbali na bahari asingeweza kuamua daawa ile kwa akili yake pekee. Nawaomba mtazame pia namna Smeaton alivyosema. Hakusema, “Niaminini kwa kuwa mimi ni Smeaton.” Alitaja bandari nyingine, ambazo mtu yeyote mwenye shaka angeweza kufunga safari akazitazame.

Sasa niwapeni kisa cha pili, ambacho ndani yake wamo wajuzi wawili, mmoja wa kuigwa na mmoja wa kuepukwa. Mnamo 27 Machi 1905, mahali paitwapo Deptford, mjini London, mzee mmoja aliyesimamia duka la rangi alikutwa ameuawa, na mkewe amepigwa vibaya hata akafa baada ya siku chache. Kisanduku cha fedha kilikuwa wazi, na ndani yake, juu ya kisahani chake cha bati, mlikuwa na alama ya kidole. Polisi wakawashitaki ndugu wawili, Alfred na Albert Stratton, na Inspekta Charles Stockley Collins akaieleza mahakama kwamba alama ile inalingana na dole gumba la kulia la Alfred, kwa nukta zipatazo 11. Hapo upande wa utetezi ukapinga: mbona alama hizi mbili zina tafauti ndogo ndogo? Collins hakujibu kwa kutaja cheo chake wala miaka yake ya kazi. Alichukua wino, akalitia dole gumba la mmoja wa wazee wa baraza (jury), akalibana karatasini mara kadhaa, mara kwa nguvu na mara kwa wepesi, akawaonyesha kwamba hata dole la mtu mmoja, likibanwa kwa nguvu mbalimbali, hutoa alama zenye tafauti za namna ile ile. Basi watu wale, ambao hawakupata kusomea jambo hilo hata siku moja, wakawa wamepewa kipimo mikononi mwao.

Upande wa utetezi nao ulikuwa na mjuzi wake, Daktari John Garson, mtu aliyekuwa na jina katika ilimu ya vipimo vya mwili wa mwanadamu. Alipohojiwa ikadhihirika kwamba kabla ya kesi alikuwa ameziandikia barua pande zote mbili, ya mashitaka na ya utetezi, akijitolea kuwa shahidi wao. Jaji aliwaambia wazee wa baraza waziwazi kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kutegemewa. Mimi naona jaji alisema kweli tupu, wala sidhani kama Garson alikuwa mjinga. Pengine aliyokuwa nayo katika kichwa chake yalikuwa mengi kuliko ya Collins. Ila ujuzi wake ulikuwa umekwisha kutiwa mnadani, na rai ambayo ingeweza kuelekea huku au kule kwa kutegemea nani atakayetangulia kuijibu barua, hiyo haina tena sifa ya kuitwa rai.

Sheria zetu za Afrika Mashariki katika mlango huu zimefuata ile Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, na mtu akiitazama Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, kifungu cha 47, au ile ya Kenya, kifungu cha 48, atakuta maana moja: kwamba mahakama inapohitaji kuamua jambo la sheria ya nchi ngeni, au la sayansi, au la ufundi, au la utambuzi wa mwandiko na alama za vidole, rai ya mwenye ujuzi maalumu katika jambo hilo itapokewa. Itapokewa, sikusema itafuatwa. Hakimu aweza kumsikiliza mjuzi mwanzo hata mwisho, akamshukuru, kisha akaamua vinginevyo, madhali ataandika sababu zake.

Jambo hili lilielezwa vizuri kabisa huko Skotlandi mwaka 1953, katika daawa baina ya mwenye nyumba mmoja na wakuu wa mji wa Edinburgh. Mji ulikuwa ukipasua miamba kwa baruti ili upitishe mfereji wa maji machafu, na mwenye nyumba akadai kwamba mitikisiko ile imeitia nyumba yake nyufa. Mji ukaleta mjuzi wa baruti, ambaye alisema haiwezekani, na mawakili wa mji wakajenga hoja kwamba madhali hakuna mjuzi mwingine aliyempinga, basi mahakama imefungwa na neno lake. Mahakama ikaikataa hoja hiyo. Kazi ya mjuzi, walisema majaji kwa maana yao, ni kumpa hakimu vipimo vya ilimu ambavyo kwavyo aweza kuujaribu usahihi wa ile rai, ili hakimu afikie uamuzi wake mwenyewe. Nimekwisha kuwasikia watu wazima, na wengine wamesoma sana, wakisema kwamba kesi fulani “imeamuliwa na daktari.” Ikiwa maneno hayo ni kweli, basi hakimu wa kesi hiyo aliuacha wajibu wake, na daktari akapewa kiti asichoapishwa kukikalia.

Walakin hatari kubwa kuliko zote haitoki kwa mjuzi aliyenunuliwa, maana huyo akihojiwa vizuri hugundulika. Hatari kubwa hutoka kwa mjuzi mwaminifu, mwenye jina na heshima, anayevuka mpaka wa ilimu yake bila ya yeye mwenyewe kutambua, na bila ya mtu yeyote katika mahakama nzima kuthubutu kumwambia kwamba amevuka.

Mfano wake ni kesi ya Sally Clark, aliyekuwa mwanasheria huko Uingereza. Mtoto wake wa kwanza alifariki ghafula mwezi wa Desemba 1996, akiwa na umri wa majuma 11. Akazaa mwingine, naye akafariki mwezi wa Januari 1998, akiwa na majuma 8. Mama akashitakiwa kwamba amewaua. Katika mashahidi waliosimama mbele ya mahakama ya Chester alikuwamo Profesa Sir Roy Meadow, daktari wa watoto aliyekuwa mashuhuri nchini mwake. Daktari huyu aliwaambia wazee wa baraza kwamba katika nyumba ya watu wa hali kama ya Sally Clark, wasiovuta sigara na wenye kipato, uwezekano wa mtoto kufa kifo cha ghafula kisicho na sababu ni mmoja katika watoto 8,543; kisha idadi hiyo ikazidishwa kwa yenyewe, ikapatikana kwamba vifo viwili vya namna hiyo katika nyumba moja ni jambo la mara moja katika milioni 73. Mwezi wa Novemba 1999 mama akatiwa hatiani, akafungwa kifungo cha maisha.

Hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu kosa lenyewe ni la hesabu, na mtu asipolifahamu hataona jinsi lilivyo kubwa. Kuzidisha 8,543 kwa 8,543 ni halali ikiwa tu vifo viwili havihusiani hata chembe. Lakini watoto wale ni ndugu: baba mmoja, mama mmoja, damu moja, nyumba moja, hewa moja. Ikiwa katika damu au katika mazingira yao iko sababu iliyomdhuru wa kwanza, sababu hiyo hiyo inamngoja wa pili, na kifo cha pili hakiwi tena cha nadra kama kile cha kwanza. Hilo moja. La pili ni la ndani zaidi: hata tukikubali kwamba vifo viwili vya asili ni nadra, mama kuwaua watoto wake wawili mmoja baada ya mwingine nako ni nadra mno, na mwenye kutafuta haki hana budi kulinganisha unadra na unadra, si kuutaja mmoja akaunyamazia wa pili. Aliyesikia “mara moja katika milioni 73” alidhani ameambiwa kwamba uwezekano wa mama yule kuwa hana hatia ni mmoja katika milioni 73, ilhali idadi ile haikuwa na maana hiyo hata kidogo.

Sir Roy alikuwa daktari wa watoto. Hakuwa mwanahesabu wa takwimu. Mwezi wa Oktoba 2001 chama cha wataalamu wa takwimu cha Uingereza kilitoa tamko la hadharani kwamba idadi ile haina msingi. Baadaye ikafichuka pia kwamba daktari mwingine, yule aliyepasua maiti, alikuwa na majibu ya vipimo vilivyoonyesha vijidudu vya maradhi katika mwili wa mtoto wa pili, na majibu hayo hayakufika mikononi mwa watetezi. Mwezi wa Januari 2003 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu, na Sally Clark akatoka gerezani. Alifariki mwezi wa Machi 2007. Sir Roy mwenyewe alifutwa katika daftari la madaktari mwaka 2005, kisha mwaka 2006 Mahakama Kuu ikamrudisha, ikiona kwamba alisema kwa nia safi. Nami nakubali kwamba nia yake ilikuwa safi, na hilo ndilo linaloniogofya: nia safi haikumsaidia mama yule katika miaka zaidi ya mitatu aliyokaa ndani. Neno ambalo lingemsaidia lilikuwa fupi sana. Daktari angesema, “Juu ya miili ya watoto nitajibu, juu ya hesabu hii muulizeni mwenye fani yake.”

Tusidhani kwamba mipaka ya namna hiyo ni ya madaktari na wanahesabu peke yao. Majirani zetu wa Kenya wataikumbuka kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986, na mwili wake ukakaa miezi mitano bila ya kuzikwa, huku mjane wake, Wambui Otieno, akitaka azikwe Upper Matasia karibu na Ngong, na ukoo wake wa Umira Kager ukitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwenye nchi ya baba zake. Katika mashahidi wa kesi hiyo alisimama mchimba makaburi, aliyeeleza maneno aliyosema kuwa aliyasikia kwa marehemu mwenyewe. Akasimama na Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akatoa ushahidi juu ya mila na itikadi za Wajaluo katika mambo ya mauti na maziko. Mmoja alikuja na alichokisikia, na mwingine alikuja na anachokijua, na mahakama ikahitaji kuwapima kwa mizani mbili mbalimbali.

Mimi kesi hiyo huifikiria sana kwa sababu ya swali ambalo ndani yake halijapata kutulia: nani mjuzi wa mila? Profesa Oruka hakuwa mtu wa vitabuni tu. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuketi na wazee wenye hekima vijijini, kuwasikiliza na kuyaandika maneno yao, na kwa hiyo alikuwa na haki ya kusimama pale kuliko wasomi wengi. Hata hivyo mila si unga wa kutiwa katika chupa ya mkemia. Inaishi kwa watu, inabadilika kwao, na wenyewe kwa wenyewe wanaigombania. Na mtu akiulizwa mila ya kabila zima inasema nini, jibu lake, hata liwe la ilimu namna gani, linachagua sauti fulani na kuziacha nyingine. Siwezi kusema kwamba mahakama ilikosea kumsikiliza. Nasema kwamba shahidi wa mila, kuliko hata daktari, anapaswa kueleza aliwauliza nani, wapi, na kama waliulizwa wanawake pia. Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi mwezi wa Mei 1987 kuupa ushindi ukoo, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 ya mwezi huo.

Nimebakiwa na dakika chache, nami nazitaka kwa jambo la hapa nyumbani, lisilokuwa na majina makubwa, linalotokea katika mahakama za wilaya kila juma. Mtu akipigwa, au mtoto akidhulumiwa, hupewa na polisi ile fomu namba 3, inayojulikana Tanzania nzima kwa jina la PF3. Huenda nayo hospitali, daktari humpima na kuijaza. Aghalabu daktari huyo ni kijana, ana wagonjwa tele mlangoni, na huandika maneno machache tu: jeraha kichwani, kitu butu. Na maneno hayo yana ilimu ndani yake. Jeraha la panga lina kingo zilizonyooka, na ndani yake nyama imekatika moja kwa moja. Jeraha la rungu lina kingo zilizochanika na kuchubuka, na ukilifumbua kwa vidole utaona ndani yake nyuzi za nyama zisizokatika, zikivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Daktari aliyeziona nyuzi zile amejua kwamba si kitu chenye makali. Nani aliyelishika rungu, au kama lilikuwa rungu kweli, hilo hakuliona katika jeraha.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaruhusu taarifa hiyo ya daktari ipokewe mahakamani bila ya mwenyewe kuwapo, lakini inamwamuru hakimu amjulishe mshitakiwa kwamba anayo haki ya kutaka daktari aitwe, ili amhoji. Mara nyingi mshitakiwa hana wakili. Amesimama peke yake, na fomu aghalabu imeandikwa kwa Kiingereza, ijapokuwa tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Akijulishwa haki yake na daktari akaja, mtu huyo aweza kuuliza kwa lugha yake, “Daktari, mtu akiteleza akaangukia jiwe, hawezi kupata jeraha kama hili?” Na daktari mwaminifu, hata akiwa shahidi wa upande wa mashitaka, hana budi kujibu kwamba aweza, kisha aeleze ni kitu gani katika jeraha lile, kama kipo, kinachomfanya aone vinginevyo: mahali lilipo kichwani, idadi ya majeraha, alama mikononi za mtu aliyejikinga. Hakimu akisahau kumjulisha, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kusema mara nyingi kwamba PF3 hiyo iondolewe katika ushahidi. Na inapoondolewa, kesi ambayo haikuwa na nguzo nyingine huanguka, mshitakiwa akaenda zake, na yule mtoto aliyepelekwa hospitali na mama yake akarudi nyumbani bila ya haki, kwa ajili ya sentensi moja ambayo ilipasa kusemwa mahakamani na haikusemwa.